Mshono wa Kushoto

"Simama wima. Tumbo liache lilivyo, usilivute ndani."

"Sijalivuta."

"Umelivuta, Futi. Tumbo lako nalijua kuliko unavyolijua wewe."

"Basi siku hizi limejirudi lenyewe. Pima haraka, Fundi, nina safari ya mjini."

Fundi alizungusha utepe kiunoni mwa mumewe mara ya pili, akaubana kwa kidole gumba, akasoma. Kiuno kilikuwa kimepungua, na si kupungua kwa mtu aliyeacha sukari kwenye chai. Mtu huyu alikuwa amejikondesha kwa makusudi, tena bila kumwambia mkewe, ambaye ndiye anayempikia.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kazini kuna neno?"

"Fundi, ni suruali tu. Kule ninakokwenda kupima barabara jua ni kali, nikivaa hizi nzito nitaiva. Kitani nimekuletea, umekifua, kimekauka. Kata."

Mtaa mzima walimwita Futi kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima viwanja na barabara, na hata akiwa nyumbani alikuwa na mdomo wa kupima kila kitu, kuanzia meza mpaka kimo cha wageni. Mkewe alishona sebuleni, cherehani chini ya dirisha, na watu wakamwita Fundi. Mumewe naye alimwita Fundi, ila kinywani mwake jina hilo lilikuwa limegeuka la mapenzi. Miaka yote ya ndoa yao walipimana na kutaniana hivyo. Leo utani ulikuwa haushiki.

"Haya. Kiunoni niweke vifungo viwili, kama ile ya kijivu?"

"Usiweke vifungo. Weka kamba."

"Kamba? Kama ya kulalia?"

"Kamba laini. Uiache pana. Na upande wa kushoto usiweke mfuko."

Fundi akaweka chaki chini.

"Wewe unatumia mkono wa kushoto. Simu, funguo, kalamu, vyote vinakaa mfuko wa kushoto. Leo mfuko umekukosea nini?"

"Basi tu."

"Basi tu ndiyo sababu?"

Futi akacheka, lakini kicheko chenyewe kilimfia njiani. Simu yake ikatetemeka juu ya meza. Fundi hakuwa na tabia ya kuchungulia, ila meza ilikuwa yake na macho yalikuwa yake. Kwenye kioo paliandikwa: Sista.

Mumewe aliidaka simu kama mtu anayemwokoa mtoto kwenye jiko, akatoka barazani, akavuta mlango. Kupitia dirishani Fundi alimwona mgongo tu. Anaitikia. Anatikisa kichwa. Kisha akaweka kiganja ubavuni, upande wa kushoto, akakiacha hapo kwa muda.

Aliporudi, Fundi alikuwa anakunja utepe.

"Nani?"

"Mtu wa kazini."

"Kazini kwenu siku hizi kuna masista?"

"Fundi."

"Nimeuliza tu."

*

"Shuka juu ya meza yangu, wifi. Umekalia kitani."

"Nimekuja kusalimia, nafukuzwa hata salamu sijatoa. Hujambo?"

"Sijambo. Shuka."

Wifi yake, mdogo wake Futi mwenye saluni mtaa wa pili, akashuka huku akicheka. Ni mwanamke wa maneno, na maneno yake hayana breki, lakini hapendi kumwona mtu ameonewa. Akaushika mguu mmoja wa suruali uliokwisha kukatwa, akaupepea.

"Ya nani hii pana hivi?"

"Ya kaka yako."

"Kaka? Na vifungo viko wapi?"

"Anataka kamba."

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wifi yangu, mwanaume akitaka suruali ya kamba ana haraka ya kuivua."

"Ni kaka yako unayemsema."

"Ndiyo maana namsema vizuri." Kisha akamtazama Fundi usoni, akaona hakuna anayecheka naye. "Nimetania. Kuna nini?"

Fundi akaweka mkasi chini taratibu.

"Amejikondesha. Wali anausogeza pembeni ya sahani. Asubuhi anatembea kwa miguu mpaka fulana inalowa. Soda kaacha, bia kaacha. Simu anaipokea nje. Na anayempigia anaitwa Sista."

"Sista nani?"

"Sista tu."

"Anaweza kuwa mtawa."

"Kaka yako na watawa wapi na wapi?"

"Nesi?"

"Nimemuuliza kama anaumwa, anasema haumwi."

Wifi akakuna kichwa kwa ukucha mmoja, asiharibu nywele zake. "Basi atakuwa sista wa mtaani, na hao ndio wengi. Mimi wateja wangu wote ni masista, hata walionizidi umri." Akavuta stuli, akakaa. "Sikiliza. Usipige kelele kabla hujajua. Shona suruali yako, nyamaza, tega sikio. Na kama ni kweli, kaka nitamkana mbele ya watu, mimi niko na wewe."

"Sitaki hata kujua."

"Utataka, wifi. Kila anayekaa kwenye kiti changu anasema hataki kujua."

Wifi alipoondoka Fundi alirudi kwenye kitani. Kitambaa kilikuwa kizuri, chepesi, rangi ya majivu yaliyopoa, kinajikunja kikunjo kikunjo ukikitazama tu. Alipiga bandi zile nyuzi ndefu za muda, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Alikuwa na hofu moja kubwa, nayo hakuisema hata kwa wifi: kwamba suruali hii anaishonea safari ambayo mumewe akienda hatarudi.

*

Jioni Futi aliingia chumbani kuijaribu. Simu aliisahau kando ya cherehani. Kwa mtu aliyekuwa akiichukua mpaka bafuni, kuisahau huko kulikuwa kwa mtu aliyechoka.

Kioo kikawaka: Sista.

"Mshono utakuwa upande wa kushoto kama walivyosema. Suruali isibane hapo kabisa. Kesho njoo bila kula kitu. Mwenzio asijue."

Fundi alisoma, kioo kikazimika, akabaki anakitazama. Damu ilimpanda mpaka masikioni akasikia inavuma. Kusalitiwa na mume, hilo wanawake wengi wamelipitia, na yeye si wa kwanza. Lakini mwanamke mwingine kumpangia mshono! Ndani ya nyumba yake, kwenye cherehani yake, suruali anayoishona kwa mikono yake, kuna mtu huko nje amekaa anatoa maelekezo ya upande gani ubane na upande gani uachie.

Mlango ukafunguka.

"Nimevaa. Unaonaje?"

Fundi akapiga magoti mbele yake, pini tatu mdomoni.

"Inabana popote?"

"Hapana, iko safi. Hapa kushoto tu, iachie kidogo."

Akazitoa pini mdomoni.

"Nani kakwambia iachie?"

"Mimi mwenyewe."

"Tangu lini unajua habari za mishono?"

"Naishi na fundi."

"Unaishi na fundi," alirudia, na pini ya pili ikapita kitambaa ikagusa nyama.

Futi akaruka. "Umenichoma."

"Pole."

"Umenichoma kwa makusudi?"

"Nimesema pole, Futi. Vua, isije ikakatika bandi."

Alimtazama mkewe kwa muda, kama anayetaka kusema neno. Kisha akachukua simu, akasoma, akaiweka mfukoni mwa shati. 

Fundi alikuwa hajawahi kuharibu kitambaa cha mtu. Hata wateja wenye midomo michafu, wanaorudisha gauni mara nne, aliwashonea kwa haki. Siku hiyo aliharibu, tena alifurahi. Mshono wa kushoto aliuingiza ndani, akaukunja mara mbili, akaupitisha kwenye cherehani, akaurudia, akaurudia tena, mpaka ukasimama mgumu, ukingo wake ukawa kama kamba ya katani. Huko anakokwenda, kila akiinama umkumbushe nani kaushona.

*

Kesho yake Futi aliondoka bila kunywa chai. Alirudi mchana, uso umepauka, mkono wa shati ameushusha mpaka kwenye kiganja ingawa joto lilikuwa la kukaanga. Akasema anakwenda kuoga. Alipovua shati mlangoni mwa bafu Fundi aliona plasta ndogo kwenye kiwiko kwa ndani.

Maji yakaanza kumwagika. Simu ikalia juu ya kitanda, alikoisahau tena.

Sista.

Fundi aliitazama ikilia. Mkono ukaenda wenyewe. Akaibonyeza, akaiweka sikioni, hakusema kitu.

"Umefika salama?" Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu anayepumzika katikati ya maneno. "Wamesema damu zetu zimekubaliana. Ni Jumatatu. Nimepiga kukwambia... kama unataka kurudi nyuma, rudi. Sitakulaumu. Niliyokutendea mimi sistahili hata glasi ya maji kutoka kwako."

Fundi alikaa kitandani. Sauti ile angeitambua hata kwenye kelele za soko. Ndiyo iliyomfundisha kutunga uzi kwenye sindano. Ndiyo iliyomwimbia baada ya mama yao kuzikwa, ndiyo iliyomlea, ikamsomesha, ikampa cherehani.

"Hallo? Mbona kimya?"

"Dada," alisema Fundi.

 Upande wa pili ukakata simu.

Alikuwa hajamwita hivyo tangu siku Futi alipokuja na wazee wake kujitambulisha. Siku ile, mbele ya wageni waliovaa vizuri, Dada alisimama akasema huyu mpima viwanja hamtambui, ni kamba ya kupimia mali za wenzake, na mdogo wake akiolewa naye asimhesabu tena. Wageni waliinama. Fundi alimfuata jikoni, akamwambia maneno ambayo hayasemwi kwa mtu aliyekulea: "Siku ukifa, nisiambiwe." Harusi ilifanyika bila Dada. Tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake.

Maji yakakoma bafuni. Futi akatoka na taulo kiunoni, akaona simu mkononi mwa mkewe, akasimama pale pale, matone yanadondoka sakafuni.

"Umemwandika Sista," alisema Fundi.

"Ni sista wako. Sikuandika uongo."

"Unatembea na dada yangu?"

"Kaa vizuri tuongee."

"Nijibu."

"Sitembei na dada yako, Fundi. Dada yako anakufa. Figo zote mbili zimekwisha, anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, na mashine yenyewe sasa inamshinda. Nampa figo moja."

Fundi alimtazama usoni, halafu macho yakashuka yenyewe mpaka ubavuni.

"Mshono," alisema.

"Ndiyo."

"Ule mshono wa kushoto..."

"Ni wa hapa." Akaweka kiganja chake pale pale alipokiweka siku ile barazani. "Wakishatoa figo, wanashona hapa. Wakasema nguo isibane, pasiwe na kifungo wala mfuko. Nikaona nije kwako, wewe ndiye fundi."

Fundi akafunika mdomo. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na kilichotoka hakikuwa kimojawapo. Kisha hasira ikarudi, na safari hii ilikuwa imepata mlango wa haki wa kuingilia.

"Umejikondesha mbele yangu kumbe unajiandaa kupasuliwa. Umenidanganya kuna barabara ya kupima."

"Nimekudanganya."

"Ulijuaje anaumwa?"

"Jirani yake alinipigia. Nikaenda kumwona. Akaniapisha nisikwambie, akasema nikikwambia hakanyagi tena hospitali."

"Na wewe ukamsikiliza yeye, si mkeo."

"Na wewe ulisema akifa usiambiwe. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni siku ile. Nilisikia."

"Nilisema akifa. Sikusema akiumwa nisiambiwe."

 Futi akakaa kando yake, taulo likalowesha shuka, na siku hiyo hakuna aliyejali.

"Alikuita nini mbele za watu, Futi?"

"Kamba ya kupimia mali za wenzangu."

"Na bado unampa nyama ya mwili wako?"

"Wewe usingizini unamwita."

"Namwita nani?"

"Dada. Unamwita vizuri kabisa, kama yuko chumba cha pili. Ukiamka unaniambia umeota mama. Kitanda hiki tunalala watatu tangu tuoane, Fundi, ila wewe huwa umelala."

 Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani, na kila ulipogonga Fundi alisikia moyoni.

"Na ukifa mezani?"

"Daktari anasema ni nadra sana."

"Sikukuuliza daktari anasema nini. Nimekuuliza ukifa. Dada amelala na figo yako, mimi nimekaa hapa na suruali yako. Utakuwa umenitendea nini?"

"Sijui."

"Hujui."

"Nilijua la kumfanyia yeye. Lako sikulijua, ndiyo maana nilikuwa naogopa kukwambia." Akamshika mkono. "Na kuna jambo jingine. Daktari hataki kugusa kisu mpaka akusikie wewe kwa mdomo wako. Nilimwambia utakuja."

"Ulikuwa unasubiri nini, na Jumatatu ndiyo hiyo?"

"Nilikuwa nasubiri umalize suruali."

*

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiyepoteza maneno. Fundi hakukaa.

"Mimi ndiye damu yake. Nipimeni mimi. Mume wangu arudi nyumbani."

Wakampima. Haikuchukua muda. Daktari alikitoa kile kitambaa cha kupimia presha mkononi mwake, akakifunga tena, akapima upya, akatikisa kichwa.

"Presha yako iko juu, mama, na inaonekana si ya leo. Wewe hatuwezi kukugusa."

"Nimepanda ngazi. Nimekasirika."

"Hata ukipumzika mwezi mzima, bado sitakuruhusu. Aliyebaki ni mumeo. Yeye yuko tayari, dada yako amekubali kwa shida. Nimebaki na neno lako."

"Nikikataa?"

"Hakuna atakayekuuliza sababu. Tutamwambia mgonjwa kwamba imeshindikana, basi."

"Naye?"

"Mashine haitamfikisha mbali."

Fundi aliomba kumwona kwanza. Alikuwa amejiandaa kuwa mkali, amepanga na maneno, lakini aliyelala kitandani hakuwa yule mwanamke mrefu aliyesimama mbele ya wageni. Alikuwa mdogo, uso umevimba, mikono imekauka. Vidole tu ndivyo vilikuwa vile vile, vyenye sugu ya mkasi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba." Dada hakumtazama. "Umekuja kuniona au kuninyima?"

"Sijajua bado."

"Nyima. Mimi ningenyima."

"Najua ungenyima."

"Basi?"

"Basi nataka kujua kwanza. Futi alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Ulimvua nguo mbele za watu wake."

"Nilimvua." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nilikulea tangu huwezi kufunga kifungo. Siku anakuja na wazee wake nilikuwa nimeamka mapema nafagia ua, nikajiona nafagia njia ya mtu anayekuja kuninyang'anya. Nikamtafuta kosa. Nikalikosa. Nikasema lililonijia mdomoni, halafu nikaona aibu kulirudisha. Hakuna sababu nyingine. Ningekuwa na sababu ya maana ningeshakupigia nijitetee."

"Miaka yote hii, kwa hilo?"

"Kwa hilo. Na wewe ukanipa la jikoni, nikaona tumelingana."

Fundi akavuta kiti. Chuma kikakwaruza sakafu.

"Unaogopa?"

"Naogopa. Kifo nimeshazoea kukiwaza. Naogopa niamke mimi, yeye asiamke, halafu wewe uje usimame hapo ulipo unitazame."

"Na mimi hilo ndilo naogopa."

"Basi kataa, mdogo wangu. Sitakuwa na kinyongo."

Mlango ukagongwa. Futi alichungulia, kofia mkononi, kama mtu anayeomba kupita kwenye kiwanja cha mtu. Dada akageuza kichwa kwa taabu.

"Ingia, shemeji," alisema.

Hakuna aliyesogea. Tangu aanze kumjua, Dada alikuwa amemwita "wewe", au "bwana", au "huyo wako". Hata katika simu zote zile za siri, neno hilo lilikuwa halijamtoka. Futi akainamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu ndani ya kofia, na Fundi, aliyekuwa ameapa asilie humu ndani, akageukia dirishani.

Daktari aliingia nyuma yao.

"Mama, nasubiri neno lako."

Fundi alimtazama mumewe, mwembamba kwa kujinyima, kisha dada yake. Alijua kwamba neno moja litampoteza mmoja, na neno la pili linaweza kuwapoteza wote. 

"Nakubali," alisema. "Lakini mimi ndiye nitakayeambiwa kwanza. Liwe jema, liwe baya, asiambiwe mtu mwingine kabla yangu."

*

Jumatatu asubuhi waliwapitisha kwenye korido moja, kitanda kimoja nyuma ya kingine. Futi aliinua mkono wake wa kushoto kumpungia. Dada alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Milango miwili ya vioo ikafunguka, ikafungana.

Fundi alikaa kwenye benchi na suruali ya kitani mapajani, wembe mkononi. Alikuwa anafumua ule mshono wa kushoto, uzi mmoja mmoja. Wifi yake alikuwa kando, safari hii hana maneno, mpaka akashindwa.

"Ulishona kama gunia la mkaa."

"Nilishona nikiwa na hasira."

"Nionyeshe. Eh. Umerudia mara ngapi?"

"Wifi, nyamaza kidogo."

"Nimenyamaza."

Hakunyamaza. "Ule utani wangu wa kamba, unisamehe."

"Shika hapa, unyooshe kitambaa."

Wakafumua pamoja. Mara mbili watu wa nguo za kijani walipita mbio, na mara zote mbili wembe ulisimama. Mtu mmoja alitoka akasema kwenye simu kwamba damu iongezwe, wala hakusema ni ya nani. Fundi alihisi presha yake inagonga masikioni. Alijaribu kuomba, akagundua kwamba akianza kumwombea mmoja moyo unamkimbilia wa pili kabla hajamaliza, kama mama anayechungulia vyungu viwili. Akaacha kuomba, akaendelea kufumua. Mshono ulipokwisha aliutandaza mguu wa suruali juu ya goti lake, akatunga uzi upya, akaanza kuushona kwa mkono, mpana, laini, usiobana popote.

Milango ikafunguka kabla ya wakati walioambiwa. Nesi alisimama hapo, barakoa usoni, anaangaza macho kwenye mabenchi yaliyojaa watu.

"Ndugu wa mgonjwa wa figo?"

Fundi alisimama. Sindano ikaning'inia kwenye uzi.

"Ni mimi."

"Wako wawili. Wewe ni wa yupi?"

Wifi yake alimshika kiwiko. Fundi hakuhitaji kushikwa.

"Wote wawili," alisema. "Yule ni mume wangu, na yule ni dada yangu."

Nesi alimtazama, kisha akaishusha barakoa.

"Basi ingia, mama. Wameamka wote, na kila mmoja amekataa kufumba macho tena mpaka akuone."